Sekretarieti ya Ajira, Polisi, JWTZ au Umoja wa Mataifa: ubishe hodi wapi kwanza?

Tangazo la ajira likitoka, macho ya vijana wengi hukimbilia idadi ya nafasi. Lakini kinachoamua kama jina lako litaonekana kwenye orodha ya walioitwa kiko chini zaidi, kwenye sifa za mwombaji na masharti ya jumla, na sehemu hiyo ndiyo inayorukwa. Nimeona vijana wenye ufaulu mzuri wakipoteza miaka kwa kuomba kazi ambazo tangu siku ya kwanza hawakuwa na sifa ya kuziomba, huku zile zilizowafaa zikiwapita.

Mtanzania anayetafuta kazi ya umma inayopatikana kwa usaili au mtihani wa ushindani ana njia nne zinazozungumzwa sana: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma (ile ya Ajira Portal), Jeshi la Polisi, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na kwa wenye shahada, mtihani wa programu ya vijana wataalamu wa Umoja wa Mataifa, maarufu kama YPP. Kwa kawaida watu huzilinganisha kwa mshahara na marupurupu. Mimi nashauri utangulize maswali mawili mengine. Ni mlango upi utafungwa mapema kwa sababu ya umri wako? Na ni upi ambao ukishaingia unakufungia ile mingine? Swali la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye gharama kubwa.

Umri kwanza, kwa sababu haurekebishiki

Sekretarieti ya Ajira iliundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya 2007. Katika njia zote nne, hii ndiyo yenye subira kubwa zaidi. Matangazo yake hutaka mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa wale ambao tayari wako kazini serikalini. Wapo wanaodhani 45 ni namba iliyookotwa. Piga hesabu uone inavyokaa: mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na ili alipwe pensheni ya kila mwezi na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, anatakiwa awe amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Anayeingia na miaka 45 anafika 60 akiwa ametimiza michango hiyo bila hata mwezi wa ziada. Ndiyo maana sikushauri usubiri hadi huko, hata kama kanuni inakuruhusu.

Polisi wana kipimo kingine kabisa. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, wahitimu wa kidato cha nne na cha sita wametakiwa kuwa na umri wa miaka 18 hadi 25, na wenye astashahada, stashahada au shahada miaka 18 hadi 30. Juu ya hapo tangazo hutaja miaka ya kuhitimu inayokubalika. Kijana wa miaka 24 anaweza kuwa ndani ya umri na bado akakwama, kwa sababu cheti chake cha kidato cha nne ni cha mwaka ulio nje ya ile iliyotajwa. Soma vyote viwili.

JWTZ ndio wenye muda mfupi kuliko wote. Wenye elimu ya sekondari wasizidi miaka 24, stashahada 26, shahada 27. Madaktari bingwa wamekuwa wakiruhusiwa hadi 35. Halafu kuna sharti linaloula umri huo taratibu: mwombaji awe amehitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ya mujibu wa sheria au ya kujitolea, na kutunukiwa cheti. Mkataba wa kujitolea ni wa miaka miwili. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani, akajiunga na JKT akiwa na miaka 22, anatoka akiwa na 24 na hana tena nafasi ya kusubiri tangazo lijalo. Ukiwa na nia ya jeshi, uamuzi wa kwenda JKT ufanywe mapema sana, na aliyeitwa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita asiyachukulie mafunzo yale kama usumbufu wa kukwepwa. Kile cheti ni sifa.

Umoja wa Mataifa, kwa YPP, wanataka uwe na miaka 32 au pungufu katika mwaka wa maombi.

Kwa mwenye shahada, basi, milango inafungwa kwa mpangilio huu: JWTZ kwenye 27, Polisi kwenye 30, Umoja wa Mataifa kwenye 32, Sekretarieti kwenye 45. Kwa wa kidato cha nne: JWTZ 24, Polisi 25, Sekretarieti 45, na Umoja wa Mataifa haumo kabisa kwenye hesabu yake.

Masharti ya mwili, familia na uraia

Hapa ndipo tofauti kati ya majeshi na utumishi wa kiraia inapoonekana wazi. Tangazo la Polisi hutaka mwombaji awe hajaoa au kuolewa na hana mtoto. Urefu usipungue futi tano na inchi nane kwa wanaume, futi tano na inchi nne kwa wanawake. Asiwe na michoro ya tatuu mwilini. Afya yake ithibitishwe na daktari wa serikali. Asiwe na kumbukumbu za uhalifu, wala asiwe amewahi kutumia dawa za kulevya. Awe raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, na wazazi wake wote wawili pia wawe raia kwa kuzaliwa.

Sekretarieti haikuulizi hata moja kati ya hayo ya ndoa, watoto, urefu au tatuu. Inataka uraia wa Tanzania tu. Mtu aliyepata uraia kwa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa, au mwenye mzazi mmoja mgeni, anakaa kwenye chumba kimoja cha usaili na wenzake bila tatizo. Matangazo yake pia huhamasisha wenye ulemavu waombe, na huwataka waainishe aina ya ulemavu ndani ya mfumo. Nawasihi wenye ulemavu wasiliache tupu eneo hilo kwa kuogopa kubaguliwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu, na maandalizi ya chumba, karatasi au msaidizi hayawezi kufanyika kwa mtu ambaye hakujitaja.

Kwa YPP, kinachouliziwa ni uraia wa nchi iliyo kwenye orodha ya mwaka huo. Orodha hutegemea nchi zisizo na uwakilishi au zenye uwakilishi mdogo kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, na hubadilika kila mwaka. Mwaka ambao nchi yako haimo, huna la kufanya ila kujiandaa kwa mwaka mwingine. Hilo peke yake linatosha kukuambia usiifanye YPP iwe mpango wako wa pekee.

Kuhusu mtoto na ndoa nataka niseme waziwazi, kwa sababu hapa ndipo vijana wanaposhauriwa vibaya na watu wa mtaani. Utaambiwa "wewe andika huna, nani atajua." Wanaokushauri hivyo hawatakuwepo siku udanganyifu wako utakapobainika, na matangazo yote husema anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Dada mwenye mtoto na cheti cha ukatibu mahsusi ana njia halali iliyo wazi kwa miaka mingi ijayo. Hana haja ya kumkana mwanawe ili aingie kwenye gwaride.

Ukiingia huku, kule kunafungwa

Hili ndilo ningependa kila kijana alisome mara mbili kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma maombi.

Tangazo la Polisi hutaka mwombaji awe hajaajiriwa wala hajawahi kuajiriwa na taasisi nyingine serikalini. Neno lenye uzito hapo ni "hajawahi". Ukichukua kazi ya mtendaji wa kijiji kupitia Sekretarieti ukiwa na miaka 22, ukaifanya mwaka mmoja, kisha ukaacha kwa hiari yako, umri wako unaweza kuwa bado unakubalika Polisi lakini historia yako haikubaliki.

JWTZ nao hutaka mwombaji awe hajatumikia Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar) au KMKM (kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar). Mtu anayeona Polisi ni pa kujishikiza wakati akisubiri JWTZ anajifungia mwenyewe kile anachokisubiri.

Ndani ya Sekretarieti kwenyewe kuna kufuli la aina hiyo, na hili huwauma wengi. Masharti ya jumla ya matangazo yake husema waombaji ambao tayari wameajiriwa katika nafasi za kuingilia kwenye utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba, na wazingatie maelekezo ya Waraka Na. CAC. 45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni hii: ukishapata nafasi ya ngazi ya kuanzia katika halmashauri ya mbali, usidhani utaendelea kuomba nafasi nyingine ya ngazi hiyohiyo ili uhamie taasisi ya mjini. Kuhama kuna taratibu zake za uhamisho. Anayetaka kuingia kada tofauti na aliyonayo sasa, baada ya kujiendeleza kimasomo kwa mfano, anatakiwa kupitisha barua yake ya maombi kwa mwajiri wake.

Aliyestaafishwa utumishi wa umma kwa sababu yoyote naye haruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Ni Umoja wa Mataifa tu ambao haujali ulikuwa wapi. Mwalimu wa serikali, mhasibu wa benki na kijana aliye nyumbani wote wanaomba YPP kwa sharti lilelile la shahada, umri, uraia na lugha. Kwa hiyo ndiyo njia ambayo unaweza kuichanganya na nyingine bila kupoteza kitu.

Usipange mambo yako kwa kuangalia tangazo lililotoka leo peke yake. Kijana wa miaka 23, hana mke, hana mtoto, ana urefu unaotakiwa, na moyo wake uko Polisi, akipokea barua ya ajira ya kiraia "kwa muda", hajaahirisha upolisi. Ameuacha. Kama anajua hivyo na ameridhika, sawa kabisa. Kinachosikitisha ni kuuacha bila kujua.

Elimu: shahada siyo jibu la kila tangazo

Polisi hupokea kidato cha nne wa daraja la kwanza hadi la nne, lakini kwa daraja la nne wametaka alama 26 hadi 28. Daraja la nne huanzia alama 26 hadi 33, na alama chache ndiyo ufaulu mzuri, kwa hiyo wanachukua wale wa juu tu wa daraja hilo. Mwenye 29 hapiti. Kidato cha sita wametaka daraja la kwanza hadi la tatu.

Mwenye alama 29 au 30 asikate tamaa. Kama ana angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, vyuo vinavyotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, vinaweza kumpokea ngazi ya cheti, na cheti hicho ndicho kinachoangaliwa na kada nyingi za Sekretarieti. Mtendaji wa Kijiji Daraja la III ni mfano mzuri: anatakiwa awe na kidato cha nne au sita pamoja na astashahada ya ngazi ya tano katika fani kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Dereva Daraja la II anatakiwa awe na kidato cha nne, leseni daraja C au E aliyofanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au NIT. Katibu mahsusi anatakiwa aandike hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika. Hapo shahada ya rafiki yako haimsaidii kitu kama hati mkato hajui.

Wenye shahada wengi wana tabia ya kuomba kila nafasi inayofanana kwa mbali na walichosomea. Fani ikiandikwa, imeandikwa kwa maana. Tangazo likitaka uhasibu na wewe una biashara ya kimataifa, angalia kama lina maneno "au sifa zinazofanana na hizo zinazotambuliwa na serikali". Maneno hayo yasipokuwepo, usitegemee huruma. Na kwa kada zenye bodi za kitaaluma, kama wahandisi, wafamasia na wauguzi, shahada bila usajili na leseni hai ni nusu ya sifa. Kamilisha usajili kwanza, kwa sababu siku ya usaili vyeti hivyo huulizwa.

Walimu nao wameingia kwenye utaratibu huu. Zamani walizoea kupangiwa vituo na TAMISEMI bila kufanya usaili. Mwanzoni mwa 2025 walimu wengi walifanya usaili wa Sekretarieti mikoani. Mwalimu anayesubiri bado mtindo wa zamani anapitwa.

Kwa YPP elimu ni shahada ya kwanza katika fani inayolingana na eneo la mtihani lililotangazwa mwaka huo, pamoja na ufasaha wa Kiingereza au Kifaransa. Maeneo ya mtihani hubadilika pia. Unaweza kuwa na umri, uraia na shahada nzuri, na mwaka huo wasitafute watu wa fani yako.

Karatasi

Tofauti na umri au urefu, hizi ni sifa ambazo zinarekebishika, ila huchukua muda. Anza kabla tangazo halijatoka, kwa sababu dirisha la maombi huwa fupi kuliko foleni za ofisi.

Majina ndiyo adui namba moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Hamisi, cha kidato cha nne Asha J. Hamis, kitambulisho cha taifa cha NIDA Asha Juma Khamis. Kwako ni mtu mmoja. Kwa msimamizi wa usaili ni watatu. Sekretarieti huwataka wenye majina yanayotofautiana wawasilishe nyaraka za kisheria za kuthibitisha, na hati hiyo hutengenezwa kwa mwanasheria na kusajiliwa. Usiende siku ya usaili na maelezo ya mdomo.

Namba ya NIDA inahitajika kwa Sekretarieti na kwa majeshi pia. Cheti cha kuzaliwa ni cha RITA, na kwa maombi ya Ajira Portal nakala yake ithibitishwe na mwanasheria au wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita, matokeo ya muda na barua za utambulisho wa chuo hazikubaliki. Wanataka cheti chenyewe. Kama chuo hakijakupa cheti kwa sababu ya deni la ada, lifuatilie deni hilo sasa. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti kuhakikiwa: vya sekondari NECTA (baraza la mitihani), vya kati NACTVET, vya chuo kikuu TCU (tume ya vyuo vikuu).

Wadhamini watatu kwenye wasifu wako wawe watu wanaopokea simu.

Polisi wana jambo moja dogo linalowaangusha watu wa zama hizi: pamoja na kuomba kwenye mfumo, wametaka barua ya maombi iandikwe kwa mkono. JWTZ pia hutaka barua ya mkono. Mwandiko wako usomeke.

Kwa anayeomba kazi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, utaratibu wake ni mwingine, na ulinganisho huu haumhusu.

Mtihani wenyewe na gharama zake

Sekretarieti huanza na usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Kwa kada kama udereva au ukatibu mahsusi kuna usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Mchujo hupima ujuzi wa fani yako pamoja na uelewa wa utumishi wa umma, na wengi hujiandaa kwa upande mmoja tu. Soma sheria na kanuni za utumishi, miundo ya serikali, na maadili ya watumishi, usiishie kwenye madaftari ya chuo.

Faida moja ya njia hii haisemwi vya kutosha. Ukifaulu mahojiano na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata, na taasisi nyingine ikihitaji mtu wa kada hiyo unapangiwa bila kurudia usaili. Kwa hiyo usifanye usaili kwa nusu moyo eti kwa sababu nafasi ni mbili na waombaji ni mamia.

Polisi na JWTZ wana usaili, vipimo vya afya na uhakiki wa vyeti, halafu mafunzo. Kwa Polisi ni mafunzo ya awali yanayohusishwa zaidi na Shule ya Polisi Moshi. Mwombaji anakubali tangu mwanzo kufanya kazi popote Tanzania. Mwenye wazazi wagonjwa wanaomtegemea kila siku alifikirie sharti hilo kwa uzito uleule anaoupa urefu wake.

Kote Sekretarieti na Polisi utajigharamia nauli, chakula na malazi katika hatua zote. Ukiomba kada tano zenye usaili kwenye mikoa tofauti, umejipa mzigo wa safari tano. Bora kada mbili ulizojiandaa nazo.

Mtihani wa YPP una sehemu ya jumla na sehemu ya fani, kisha mahojiano, vyote kwa Kiingereza au Kifaransa. Anayefaulu huwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na kufaulu hakumaanishi umepata kazi. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote. Akitokea mtu anakuomba pesa ya "kushughulikia faili" la YPP, au la Ajira Portal, huyo ni tapeli, hata akikuonyesha barua yenye nembo.

Nani aanze wapi

Kijana wa kidato cha nne mwenye miaka 18 au 19, asiye na mtoto, anayetaka sare: nenda JKT mapema, kisha uangalie JWTZ na Polisi. Kati ya hizo mbili amua unayoitaka zaidi, maana ukianza na Polisi, JWTZ imekwisha. Kama hujui, anza na JWTZ kwa sababu umri wake unaisha kwanza.

Mhitimu wa shahada wa miaka 24 hadi 27 asiye na familia yuko mahali pagumu kuliko wote, kwa kuwa milango yote minne iko wazi kwake kwa muda mfupi. Huyu ajiulize kwa ukweli kama anaweza maisha ya jeshi. Akisema ndiyo, asijaze Ajira Portal mwaka huo. Akisema hapana, asipoteze hata siku moja kufikiria majeshi. Ajaze Ajira Portal, na kila mwaka aangalie orodha ya YPP hadi afike 32.

Mwenye miaka 28 hadi 30 na stashahada au shahada: JWTZ imeshapita, Polisi bado kidogo. Kama ana ndoa au mtoto, Polisi pia imepita, na aelekeze nguvu zote Sekretarieti. Wale wenye 30 na 31 wenye Kiingereza kizuri cha kuandika, ambao huwa wanaona YPP ni ya watu wengine, ningewaomba wajaribu. Haina ada, haikuondoi kwenye kazi uliyonayo, na hairudi tena ukishapita umri.

Mwenye miaka 33 na kuendelea ana mlango mmoja, nao ni mpana. Asiujaribu kwa kada kumi. Achague moja au mbili zinazolingana kabisa na vyeti vyake, asajiliwe na bodi kama kada ina bodi, arekebishe majina yake, na awe na vyeti halisi mkononi kabla tangazo halijatoka.

Na mwenye miaka 43 au 44, ambaye amefanya kazi sekta binafsi na sasa anataka utumishi wa umma: kwako kila mwezi una uzito. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal leo, hakikisha tarehe ya kuzaliwa iliyo NIDA inalingana na ya cheti cha kuzaliwa, na kama haziendani anza na ofisi ya NIDA ya wilaya yako kesho asubuhi.